Kunuka na Kunukia

Théodore alirudi na kahawa yote Jumatano asubuhi, mifuko imefungwa vilevile kama ilivyotoka, ila mmoja tu uliokuwa umechanwa juu. Hakuingia ndani. Aliiweka kwenye ngazi ya mbele ya ile nyumba ya mtaa wa La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, akatia mikono mifukoni kwa ajili ya baridi ya Julai, na akamwomba Bi Biubwa, aliyemfungulia geti, amwitie Mama Bijou.

Emérite, mama wa Bijou, alitoka akijifuta mikono kwenye kitenge. Nyuma yake alikuja mumewe, Libère, ambaye tangu kampuni ya ulinzi impunguze kazini alishinda nyumbani, na hakuna kilichopita mlangoni bila yeye kukiona.

"Maman Bijou, mi sikukuya kugombana," Théodore alisema. Alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, mtu wa maneno laini, na ndiye aliyekuwa akiipeleka kahawa ya Emérite kwenye migahawa ya kaskazini mwa jiji. "Lakini bameirudisha yote. Yule mama mwenye mkahawa alipika kikombe kimoja, akanusa, akamwaga. Nusa mwenyewe."

Emérite aliuchukua mfuko uliochanwa, akausogeza puani, akavuta pumzi ndefu kama ilivyokuwa kawaida yake. Wote watatu walimtazama.

"Mimi sioni kasoro," alisema.

"Hauone kasoro?"

"Labda amezoea kahawa nyingine. Hii ni ya kwetu Burundi, ya Kayanza, ina ukali kidogo."

Uungwana ulianza kumtoka Théodore usoni. Alidhani anachezewa. "Papa Bijou, nusa wewe."

Libère aliinama juu ya mfuko na papo hapo akarudisha kichwa nyuma. Kahawa ilikuwa inanuka mafuta ya taa. Haikuwa harufu ya kutafuta. Ilimpanda hadi machoni. Alimgeukia mkewe na kumkuta bado ameshika mfuko, ametulia, akisubiri kuambiwa.

"Hata mie hapa getini naisikia," Bi Biubwa alisema.

Théodore alijibana pembeni ya ngazi akasema kwa sauti ya chini kwamba amembembeleza yule mama, na yule mama si mtu mbaya. Amekubali aletewe nyingine Jumamosi, waionje pamoja palepale mkahawani, na Emérite mwenyewe awepo. Ikiwa nzuri ataendelea kununua. Isipokuwa nzuri, basi. "Na mi pia, Maman Bijou. Jina langu linachafuka kule. Nililipata kwa shida."

Alipoondoka, Emérite aliikusanya mifuko mmoja mmoja, akaiingiza ndani bila kumtazama mtu.

*

Chumba chao kilikuwa cha nyuma, karibu na choo. Umeme ulikuwa umekatika tangu mwanzo wa mwezi, kwa kuwa wapangaji walishindwa kuelewana nani achangie nini, na kila mtu alikuwa akipikia jiko la mafuta chumbani mwake. Nyumba nzima ilinuka mafuta ya taa; waliolala humo walikuwa hawaisikii tena harufu hiyo. Libère alipiga magoti, akalivuta gunia la buni mbichi kutoka uvunguni. Dumu la mafuta lilikuwa limesukumwa hadi kwenye gunia, kizibo chake kimelegea, na upande mmoja wa gunia ulikuwa umelowa ukakauka na kuacha alama ya njano.

"Ulikaanga hizi," alisema.

"Nilikaanga hizo."

"Ukasimama juu ya chungu mchana kutwa, moshi unakupiga usoni."

Emérite aliketi kitandani. Binti yao Bijou alikuwa shule, na Libère alifunga mlango hata hivyo.

"Mama Bijou. Nini kimekupata?"

Alimwambia. Alieleza kwa maneno machache, kama mtu anayesoma kitu alichokwisha kukisoma mara nyingi peke yake. Mwezi wa nne, wale vijana walipomnyang'anya mkoba pale karibu na robot, zile taa za barabarani za Rosettenville, akaangukia kisogo kwenye ukingo wa barabara, kule hospitali walimshona na kumwambia ana bahati. Asubuhi ya pili waliletewa uji, na uji haukuwa na kitu. Alidhani ni uji wa hospitali. Kisha sabuni, kisha dawa ya kusafishia sakafu ambayo wenzake wodini walikuwa wakiilalamikia. Daktari alimwambia kichwa kikipigwa nyuma, ile mishipa ya pua iliyo mbele huweza kukatika. Inaweza kurudi, inaweza isirudi. Asubiri.

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa umetoka kupoteza kazi. Ningekuambia ungefanya nini?"

"Tangu mwezi wa nne."

"Nimekaanga kwa macho na kwa masikio. Naangalia rangi, nasikiliza zinavyopasuka. Miezi mitatu yote, na hakuna aliyerudisha hata kikombe." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Hata wewe hukujua. Unakula chakula changu kila siku."

Libère alikumbuka mchuzi uliojaa chumvi, pilipili iliyomtoa kamasi, na yale maziwa yaliyochacha ambayo Bijou aliyatema na kupigwa kofi. Alikuwa amedhani ni hasira za mwanamke ambaye mumewe hana kazi. Alikuwa ameyala yote kimya, kama adhabu.

Pengine alitaka kuhakikisha. Pengine, kama alivyojisemea baadaye, alitaka kumuumiza kidogo kwa kuwa alikuwa amefichwa. Alimwambia afumbe macho, akaanza kumletea vitu puani. Sabuni ya kufulia. Hapana. Kitunguu alichokikata nusu. "Kinawasha macho," Emérite alisema, "kwa hiyo ni kitunguu." Dawa ya mafua ya kupaka kifuani. "Naisikia baridi yake. Harufu hapana." Dagaa. Hapana. Libère alivua fulana yake aliyokuwa ameivaa tangu jana, akaisogeza.

"Na hii?"

Aliigusa kwa shavu. "Kitambaa."

"Cha nani?"

Emérite hakufumbua macho. Machozi yalianza kutoka chini ya kope, naye hakuyafuta. "Usinifanyie hivi," alisema.

Libère alirudisha fulana mwilini. Hapo ndipo alipotambua kwamba mlango aliokuwa ameufunga ulikuwa wazi kiasi cha kiganja, na Bi Biubwa alikuwa amesimama nje na ndoo yake.

*

Bi Biubwa hakuwa mwenye nyumba. Aliikodi yote kwa Mreno mmoja, kisha akaipangisha chumba kwa chumba. Alikuwa mwanamke wa Unguja, mwenye umri wa kuwazaa wote wawili, aliyekwisha kuunguliwa na kibanda chake cha biashara miaka ya nyuma, na tangu hapo moto ulikuwa ndio hofu yake kuu. Jioni ile aliwaita ukumbini. Hakuwaita faragha. Wapangaji wengine walikuwa wakipita na sufuria zao, nao hawakufanya haraka.

"Mama Bijou, mie sikuchukii," alianza. "Lakini mtu asiyesikia harufu hawezi kuwasha gesi ndani ya nyumba yangu. Gesi ikivuja utajuaje? Tutakufa sote humu tumelala. Nilisema tangu mwanzo moshi wa kahawa unaniudhi, nikavumilia kwa sababu mnalipa. Sasa hata kulipa hamlipi vizuri."

"Ninakaangia uani, Bi Biubwa. Si ndani."

"Na mtungi unalala wapi?"

Mtungi wa gesi ulilala chumbani, chini ya dirisha lao.

"Nitakuwa naye," Libère alisema. "Akiwasha nitakuwa nimesimama hapohapo. Mpaka Jumamosi tu, mama. Baada ya Jumamosi tutaona."

"Wewe utakuwa pua yake?"

Mmoja wa wapangaji alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Libère alisema ndiyo, atakuwa pua yake. Bi Biubwa alifikiri, akakubali, ila kwa sharti kwamba mtungi uhamie uani na jiko la mafuta chumbani awashe Libère, si mkewe. Kuanzia jioni ile Emérite alipotaka kuchemsha maji alimwita mumewe, na mumewe alikuja na kiberiti, na wenzao wakayaona hayo kupitia milango iliyo wazi.

Bijou, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, aliyasikia yote. Alikifahamu Kiswahili cha wazazi wake lakini alijibu kwa Kiingereza, na usiku huo alimuuliza baba yake kwa Kiingereza kama Mama anaweza kupona. Libère alimwambia alale.

*

Gunia lililolowa halikuwa na dawa. Emérite alizianika buni juani Jumatano hiyo hadi jioni, Libère akazinusa, akatikisa kichwa. Ilibidi zipatikane nyingine. Mrundi mwenzao aitwaye Égide, aliyekuwa na duka dogo mtaa wa Malvern, alikuwa na kiasi kidogo stoo, mabaki ya mzigo ambao haukuuzika. Aliwapimia zote. Emérite alizimimina kwenye ungo na uso wake ukabadilika. Zilikuwa zimefifia rangi, kubwa na ndogo zimechanganyika, nyingine zimetobolewa na wadudu.

"Hizi ni za mwaka juzi," alisema.

"Ndizo zilizopo," alisema Égide. "Nyingine labda mwezi ujao."

Walizichambua Alhamisi nzima wakiwa wamekaa uani kwenye kipande cha jua, goti kwa goti. Kilichobaki kilitosha chungu kimoja. Chungu kimoja tu, hakuna cha kujaribia.

Emérite alijifunza kukaanga kwa masista wa misheni moja kule Kayanza, alikokuwa akipika kwenye nyumba ya wageni. Huko wakulima wenyewe hawakuinywa kahawa, waliilima na kuiuza. Masista ndio walioinywa, na sista mmoja mzee ndiye aliyemfundisha kwamba kahawa huzungumza mara tatu kabla haijaiva, na aliye na haraka hasikii hata moja. Libère, mtoto wa Buyenzi, mjini Bujumbura, alikuwa mtu wa chai. Hakuwahi kumaliza kikombe cha kahawa ya mkewe.

Ijumaa alasiri waliwasha. Chungu kilikuwa kile cha chuma chenye miguu mitatu wanachopikia watu wa hapa, na Emérite alikoroga kwa mwiko mrefu bila kusimama. Bi Biubwa alileta kiti na ndoo ya mchanga, akaketi mlangoni.

"Nusa," Emérite alisema. "Niambie."

"Nyasi. Kama nyasi zilizokatwa."

"Vizuri. Sasa?"

"Bado nyasi. Hapana. Kama gunia lililonyeshewa."

"Endelea kunusa, usiondoe uso."

Upepo wa baridi ulikuwa ukizunguka uani na kuulaza moto upande mmoja, kisha upande mwingine. Libère aliinama hadi nyusi zikamuuma kwa joto. Alisema sasa ni kama mkate. Emérite akatabasamu, na Libère akaona ni kitambo hajaliona tabasamu lile. "Mkate wa namna gani? Wa asubuhi au uliobanikwa?"

"Wa asubuhi. Ule wanaotoa tanurini."

"Basi tunakwenda vizuri. Hivi ndivyo hasa. Hivi ndivyo ilivyokuwa."

Alisema kwa furaha, kama mtu anayesimuliwa habari za kwao. Kwa muda mfupi walikuwa kama walivyokuwa zamani, kabla ya kazi kupotea na kabla ya kile kisogo kugonga barabara. Libère alijikuta akitafuta maneno mazuri zaidi ya yale aliyohitaji: karanga, alisema, ganda la chungwa lililowekwa juu ya kaa la moto. Emérite aliyapokea yote.

Lakini buni zile za zamani hazikupasuka kama alivyozitegemea. Ndogo zilianza mapema, kubwa zikanyamaza, na milio ikaja ovyo ovyo, hivi kwamba masikio yake hayakuweza kuamua. Rangi nayo ilikuwa ya mabaka. Aliacha kukoroga kwa mkono mmoja akamshika mumewe bega.

"Sasa wewe ndiye. Siwezi kuisikia hii. Niambie."

Upepo uliuinua moto. Harufu iliyotoka ikampanda Libère puani, kali, chungu, kama mti wa mlango unaoungua. Alijua. Hata mtu wa chai angejua. Alijua pia kwamba hakuna buni nyingine, kwamba kesho ni Jumamosi, na kwamba mkono wa mkewe ulikuwa bado begani mwake. Akafikiri labda ni sehemu ndogo tu, labda ikipoa itatulia, labda Wazungu wenyewe wanaipenda hivyo.

"Inanukia," alisema.

"Kweli?"

"Inanukia sana. Toa."

Emérite aliimimina kwenye ungo, akaipeta makapi yaruke, akaipepea kwa kipande cha boksi. Bi Biubwa pale mlangoni aliinua pua, akakunja uso, akamtazama Libère. Libère hakumtazama. Yule bibi aliinuka, akachukua kiti chake na ndoo yake, akaingia ndani.

*

Mkahawa ulikuwa kwenye mtaa wenye miti mikubwa pande zote mbili, na magari yalikuwa yameegeshwa hadi juu ya majani. Walikwenda wote watatu, kwa kuwa hawakuwa na mtu wa kumwachia Bijou, wakamkuta Théodore akiwasubiri mlangoni. Emérite alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Mama mwenye mkahawa, mwanamke mweupe wa makamo mwenye mikono ya shati iliyokunjwa hadi kwenye viwiko, aliwapa mikono wote, hata Bijou, akawakalisha meza ya pembeni.

Alisaga kahawa mwenyewe, akaitia kwenye glasi, akamimina maji ya moto juu yake. Walisubiri. Kisha alivunja utando wa juu kwa kijiko, akainama, akanusa. Uso wake haukuonyesha kitu. Alichota kijiko, akavuta kwa mvumo mkubwa, akakaa nayo mdomoni, akaitema kwenye kikombe. Alimsukumia Emérite glasi nyingine na kumwambia jambo.

"Anasema onja na wewe," Théodore alitafsiri. "Anasema ulikaanga mwenyewe, anataka kusikia unaona nini ndani yake."

Emérite alichukua kijiko. Kilichoingia mdomoni kilikuwa ni maji ya moto. Uchungu aliusikia, kwa kuwa uchungu ni wa ulimi na ulimi ulikuwa mzima, lakini kahawa ina uchungu siku zote. Alifumba macho. Alikuwa na maneno aliyopewa uani, na nyuma ya maneno hayo alikuwa na kahawa nyingine, ile ya jikoni kwa masista asubuhi mvua ikinyesha Kayanza, na akaisema hiyo.

"Mwanzoni kuna chungwa. Si tunda lenyewe, ganda lake. Halafu inakuwa kama karanga zilizotoka sasa hivi kwenye moto. Mwisho kabisa, ukishameza, inabaki asali kidogo huku nyuma, asali nyeusi ya porini, haikai sana."

Théodore alimtazama Libère. Libère alikuwa akiitazama meza. Théodore akatafsiri, kwa sauti inayozidi kushuka, na yule mama alisikiliza hadi mwisho bila kukata. Kisha akaweka kijiko chini taratibu. Alimwambia Théodore maneno machache kwa upole, akasimama, akampa Emérite mkono tena na kuushika kwa mikono yote miwili.

"Anashukuru," Théodore alisema. "Anasema kwa sasa ana kahawa ya kutosha. Atatupigia."

Yule mama aliulipia mzigo ule kama ulivyo. Bijou alipewa keki kwenye mfuko wa karatasi.

Walipofika barabarani Emérite alikuwa bado anatabasamu kidogo, tabasamu la mtu asiyejua kama ameshinda au ameshindwa. "Ameushika mkono wangu vizuri," alisema. "Mnadhani atapiga?"

Bijou alikuwa ameshika keki bila kuila. Alijaribu kwa Kiswahili, akitafuta neno baada ya neno, kwa kuwa alitaka mama yake aelewe. "Mama, hatapiga. Alisema... alisema imeungua. Na alisema wewe huwezi kuonja, na yeye anasikia huruma."

Emérite alisimama. Watu waliokuwa wakitembea na mbwa wao walimzunguka kwa adabu.

"Iliungua?" alimuuliza mumewe.

Libère aligeuka kuitazama barabara.

"Baba Bijou, nakuuliza. Ulisimama pale juu ya chungu. Iliungua?"

"Iliungua."

"Na ulijua."

"Nilijua. Hapakuwa na nyingine, na wewe ulikuwa... Niliona umefurahi."

Emérite alimtazama kana kwamba anapima umbali. "Umeniacha niseme asali," alisema. "Mbele za watu. Umekaa pale ukanisikiliza nasema asali."

Keki ilifika La Rochelle nzima, haijaguswa.

*

Kwa wiki mbili waliishi kama wapangaji wawili wa chumba kimoja. Libère alizunguka kutafuta kazi ya ulinzi, akapata siku moja moja ya kupakua malori. Théodore hakuja. Chungu cha miguu mitatu kilinunuliwa na mpangaji wa chumba cha mbele, yule aliyecheka, na akawa anakipikia maharage uani siku za Jumapili.

Habari ya kazi ilikuja kupitia kwa Bi Biubwa. Alimkuta Emérite anafua, akachutama kando yake. "Usinikasirikie kwa hili ninalokuambia. Kuna bucha Malvern, Jules Street, wanatafuta mwanamke wa kuosha matumbo. Kila wanayemwajiri anakimbia, harufu inawashinda. Nimewaambia ninaye mtu ambaye haitamshinda."

Emérite aliendelea kusugua shati kwenye ukosi. "Umewaambia kwa nini?"

"Nimewaambia tu una moyo mgumu."

Alianza Jumatatu. Kazi ilikuwa uani nyuma ya bucha, kwenye sinki la saruji, mikono ndani ya maji baridi hadi viwikoni. Alipasua, akatoa mavi ya ng'ombe, akasuuza, akakwangua kwa kisu, akasuuza tena. Mwenye bucha alikuja na kitambaa puani, akaona kazi inavyokwenda, akashangaa. Wenzake wa dukani walimwita kwa Kizulu jina ambalo hakulielewa na wakacheka, si kwa ubaya mkubwa. Wakati wa chakula hakuna aliyeketi karibu naye. Alidhani ni kwa kuwa ni mgeni.

Jioni aliingia spaza, kile kiduka cha pale pembeni, kununua mkate. Foleni ilikuwa ya watu wengi, na mbele yake pakatokea nafasi, kisha na nyuma yake pia. Msichana mmoja alijifunika pua kwa skafu. Muuzaji aliiweka chenji juu ya kaunta badala ya mkononi. Emérite aliokota sarafu zile moja moja. Alikuwa amenawa pale kazini kwa sabuni, mara mbili, hadi ngozi ikakakamaa. Aliinua kiganja akakinusa, kwa mazoea tu, na hakupata kitu, kama ambavyo hakuwa amepata kitu tangu mwezi wa nne.

Bijou alikuwa uani. Alimkimbilia mama yake kama kawaida, na akiwa amebakiza hatua chache akapunguza mwendo, akasimama, akasema kwa Kiingereza kwamba ana kazi ya shule, akageuka.

Libère alikuwa chumbani akimenya viazi. Emérite aliuweka mkate mezani, akabaki amesimama katikati ya chumba, koti mwilini.

"Ninanuka?" aliuliza.

Libère aliinua macho. Harufu ilikuwa imeingia kabla yake, kupitia ukumbini, na tayari mlango mmoja au miwili ilikuwa imefungwa kwa nguvu. Yeye mwenyewe alikuwa anapumua kwa mdomo. Mkewe alikuwa akimtazama usoni, akitafuta kitu, na Libère alikijua.

"Ndiyo," alisema. "Unanuka."

"Sana?"

"Sana. Unanuka mavi ya ng'ombe. Nywele zaidi. Na koti."

Emérite alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa. Alivua koti, akalitoa nje ya dirisha. Libère aliweka kisu chini, akawasha jiko, akabandika maji, na yalipopata moto akayabeba hadi bafuni akarudi kwa mengine. Humo bafuni alimwosha nywele, kwanza kwa sabuni ya kawaida, kisha kwa ile ya kufulia, kisha kwa limau alilokwenda kumwomba Bi Biubwa. Alimsugua mgongo na mikono. Emérite aliinamisha kichwa juu ya beseni, maji yakimtoka puani na mdomoni.

"Sasa?" aliuliza.

Libère aliinama, akaweka pua yake nyuma ya sikio la mkewe, akavuta pumzi.

"Bado," alisema.

Alisuuza tena. Nje mtu aligonga mlango akitaka bafu, akaambiwa asubiri.

"Sasa?"

Alinusa shingoni, akanusa kwenye kwapa, akanusa vidole kimoja kimoja kama anavisoma. Hakufanya haraka.

"Vidole bado," alisema.

Emérite akamnyooshea mikono yote miwili.